Kukoroma si kulala vizuri: tusiseme kila uchovu ni mawazo

Leo sitawaletea habari ya barabara wala ya bei ya makala. Nataka tuongelee usingizi. Najua mtu atasema: watu wamekosa chakula, na huyu analeta mambo ya kulala! Lakini nisikilizeni kidogo. Kati yetu kuna watu wanaolala masaa nane kila usiku na kuamka wamechoka kama waliopanda Nyiragongo gizani. Nyumbani wanaitwa wavivu. Kazini wanafukuzwa. Wakienda kutafuta dawa wanaambiwa "ni mawazo", wanapewa kidonge cha kulala, na kidonge hicho kinaweza kuwaongezea hatari.

Maoni yangu ni haya: mtu anayekoroma kwa nguvu na kukatikiwa na pumzi usiku anaweza kuwa mgonjwa, na sisi tunaolala karibu naye ndio tunaoweza kumsaidia wa kwanza. Kwa sasa tunamcheka, au tunamtilia mashaka. Lazima tubadilike.

Ugonjwa huo madaktari wanauita apnea ya usingizini. Unafanyika hivi. Mtu akilala, misuli yote ya mwili inalegea, hata ile inayoshikilia koo liwe wazi. Kwa wengi njia ya hewa inabaki wazi. Kwa wengine inakuwa nyembamba, hewa inapita kwa shida, na nyama za koo zinatikisika. Sauti hiyo ndiyo kukoroma. Kuna wengine ambao koo linajifunga kabisa, kama mfuko wa plastiki ukiunyonya hewa mpaka pande zake zinashikana. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haiingii. Nyumba inanyamaza. Sekunde kumi zinapita, ishirini, wakati mwingine zaidi ya thelathini. Hewa safi inapungua katika damu. Ubongo unashtuka, unaamsha misuli, koo linafunguka, na mtu anavuta pumzi kwa kishindo kama aliyetoka chini ya maji. Kisha analala tena. Asubuhi hakumbuki kitu.

Pumzi kukatika au kupungua sana mara tano mpaka kumi na nne kwa saa, madaktari wanahesabu kuwa ugonjwa mwepesi. Kuanzia mara kumi na tano ni wa kadiri. Kuanzia mara thelathini kwa saa ni ugonjwa mkali. Fanyeni hesabu wenyewe: mara thelathini kwa saa, kwa masaa saba, ni kushtuliwa zaidi ya mara mia mbili kwa usiku mmoja. Kama jirani angekuja kugonga mlango wako mara mia mbili usiku, asubuhi ungekuwa na nguvu ya kulima?

Hapo sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hatulijui. Usingizi hauko wa namna moja usiku kucha. Unakwenda kwa mizunguko, na kila mzunguko unachukua karibu dakika tisini. Kuna usingizi mwepesi, kuna usingizi mzito ambamo mwili unajijenga upya, na kuna ule ambamo macho yanacheza haraka chini ya kope huku ubongo ukifanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho. Huu unaitwa usingizi wa REM. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, ndio waliouandika mwaka 1953. Ndoto zetu nyingi zenye picha wazi tunaziota humo. Kwa mtu mzima unachukua kama robo au sehemu moja ya tano ya usiku, na unaongezeka kuelekea alfajiri. Unasaidia ubongo kupanga yale tuliyojifunza, na unasaidia moyo kupunguza uchungu wa yaliyotupata.

Wakati wa REM, mwili unafunga misuli karibu yote ili mtu asiinuke na kutenda anachoota. Macho na misuli mikubwa ya kupumulia inaachwa ifanye kazi. Misuli ya koo inalegea kuliko wakati mwingine wowote. Ndiyo maana kwa wagonjwa wengi, pumzi inakatika kwa muda mrefu zaidi katika usingizi huo, na hewa katika damu inashuka zaidi. Ubongo unalazimika kuwaamsha, na REM inakatwa vipande vipande. Wapo hata wale ambao pumzi yao inakatika karibu katika REM tu. Mgonjwa anapoteza ule usingizi ambao ungemsaidia kukumbuka mambo na kutuliza hasira. Basi tusishangae akiwa msahaulifu, akiwa na ukali usio na sababu, au akisinzia katikati ya ibada. Alilala masaa mengi, lakini hakupumzika.

Wengine watasema haya ni magonjwa ya Wazungu. Kweli, hata wao waliyaelewa juzi tu. Mwaka 1965 ndipo watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani walipima usingizi wa wagonjwa na kuona wazi kwamba pumzi inasimama usiku. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, pamoja na wenzake, walieleza mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisijifunge. Kabla ya hapo, wagonjwa wakali walikuwa wanatobolewa shimo kwenye koo. Na mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba watu wanaokaribia bilioni moja duniani, wenye umri kati ya miaka 30 na 69, wana ugonjwa huu. Koo la mtu wa Masisi au wa Fizi limeumbwa kama la mtu wa Paris.

Nirudi kwenye neno "mawazo". Hapa kwetu neno hilo limekuwa jibu la kila kitu. Na sababu ipo. Wengi wenu mlikimbia usiku, mkaacha nyumba, mashamba na hata makaburi ya wazazi. Mnalala chini ya bashi, juu ya mawe makali ya volkano, watoto sita mahali pa watu wawili, mvua ikiingia. Ndoto za vita ni jeraha la kweli, na mwenye jeraha hilo anastahili kusikilizwa. Sisemi kwamba uchovu wote ni apnea. La hasha. Nasema kwamba tukijibu "ni mawazo" bila kuuliza swali lingine, tunamwacha mgonjwa mwenye koo linalojifunga afe polepole na jina la ugonjwa usio wake. Tena mambo haya mawili yanaweza kumpata mtu mmoja. Kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani wenye majeraha ya vita moyoni na wenye apnea pia, madaktari waliona kwamba waliotumia vizuri ile mashine ya hewa walipungukiwa na ndoto mbaya. Pumzi na moyo vinasaidiana.

Hatari kubwa iko kwenye vidonge. Diazepamu, ambayo wengi mnaiita valiumu, inanunuliwa kwa urahisi kama mtu anavyonunua sabuni. Tramadoli vilevile. Diazepamu inalegeza misuli, hata ya koo, na inachelewesha ubongo kuamka wakati hewa imepungua. Tramadoli inaweza kudhoofisha pumzi yenyewe. Kanyanga na kasiksi ya usiku vinafanya kazi hiyohiyo ya kulegeza koo, na pombe inapunguza usingizi wa REM katika nusu ya kwanza ya usiku. Mtu anajiona amelala "kama jiwe", na familia inafurahi kwamba hatimaye amepata usingizi. Kumbe pumzi inakatika kwa muda mrefu kuliko jana. Lakini sikilizeni vizuri: mtu aliyezoea diazepamu kila siku, au anayeinywa kwa sababu ya kifafa, asiiache ghafla kwa kusoma maneno yangu. Hiyo nayo ni hatari. Aende kwa muuguzi, aseme anakoroma na kukatikiwa na pumzi, wapange pamoja.

Ugonjwa huu pia unapandisha tansio. Kila pumzi inapokatika, moyo unashtuka na mishipa inakaza, usiku baada ya usiku. Wako wazee na mama zetu wanaokunywa dawa za tansio kila siku na haishuki. Wanaambiwa wanakula chumvi nyingi, wanaambiwa wanaruka dozi. Pengine ni kweli. Lakini nani amewauliza wanalalaje? Apnea inakwenda pamoja na ugonjwa wa moyo, na kupooza kwa mshipa wa ubongo, na ugonjwa wa sukari. Dalili zake za asubuhi ni kichwa kuuma, mdomo kukauka, na mtu kuwa ameinuka mara nyingi usiku kwenda kukojoa.

Sasa waendesha magari na pikipiki. Mwenye apnea isiyotibiwa ana hatari ya ajali mara mbili na zaidi kuliko dereva mwingine. Mfikirie shofere wa lori lenye mizigo na abiria juu yake, anayeshuka mteremko wa Kabasha au wa Ngomo na macho yanafumba. Tukifika kwenye ajali tunauliza breki, tunauliza mwendo, tunauliza pombe. Hatuulizi kama shofere alipumzika. Vyama vya mashofere na vya wamotari vina mikutano kila mara. Wapeni nafasi jambo hili kwa nusu saa tu. Na yule anayesinzia kwenye usukani asione haya kusimamisha gari.

Watoto pia wanapatwa. Kwao sababu ya kawaida ni mafindofindo, wengine wanasema amigdali, au nyama za nyuma ya pua zilizovimba na kuziba njia. Mtoto anakoroma karibu kila usiku, analala kinywa wazi, anatoka jasho, anajigeuza sana, labda anakojoa kitandani wakati alikuwa ameacha. Mchana hasinzii kila mara kama mtu mzima. Mara nyingi anahangaika, hatulii, hasikii anachofundishwa. Mwalimu anampiga, mama anamwita mkaidi. Mtoto wa hivyo apelekwe hospitali wamwangalie koo na pua. Kwa wengi, kuondoa amigdali hizo kwa upasuaji kunawaletea nafuu kubwa.

Lakini msiwapeleke kwa mkata kilimi! Desturi hiyo ya kukata kale kanyama kanakoning'inia kooni bado iko kwetu. Haifungui njia ya hewa ya mtoto huyu, na inaweza kumletea kutoka damu nyingi na kuoza kwa kidonda. Kilimi na amigdali ni vitu viwili tofauti.

Neno lingine, na hili ninalisema kwa heshima kwa wachungaji na wazee. Mtu anapoamka usiku akishika koo na kusema "nimekabwa", nyumba nyingi zinatafuta mkabaji. Wanaangalia bibi anayelala pembeni, au yatima aliyepokelewa mwezi uliopita. Tunajua mahali shutuma hizo zinapofikia. Kuombea mgonjwa ni jambo jema, nami sipingi chumba cha maombi. Lakini kabla ya kumnyooshea mtu kidole, uliza: mgonjwa huyu anakoroma? Pumzi yake inakatika? Kama ni hivyo, aliyemkaba ni koo lake mwenyewe.

Najua pingamizi lililo na nguvu. Mtasema: unatuamsha bure, maana vipimo hatuna na mashine hatuna. Ni kweli kwamba kupima usingizi kikamilifu kunahitaji kulala na vyombo mwilini usiku mzima, na mashine ya hewa inahitaji pesa na umeme. Katika kituo cha afya cha mtaani usitegemee kuikuta. Lakini kuna kitu tunacho ambacho tajiri anayelala peke yake katika nyumba ya vyumba vitano hana: mashahidi. Kambini ukuta ni bashi. Mjini nyumba ni za mbao na zimekaribiana. Anayekatikiwa na pumzi anasikika na mke, watoto, shangazi, na hata jirani wa upande wa pili. Mgonjwa mwenyewe hawezi kujua, maana amelala. Ushahidi wenu ndio kipimo cha kwanza.

Kuna maswali manne ambayo Frances Chung na wenzake huko Toronto, Canada, waliyatoa mwaka 2008, na hayahitaji chombo chochote. La kwanza: unakoroma kwa nguvu, kiasi cha kusikika nje ya mlango uliofungwa? La pili: mchana unachoka au kusinzia mara nyingi? La tatu: kuna mtu aliyeona pumzi yako ikisimama usingizini? La nne: una tansio, au unatibiwa tansio? Mwenye kujibu ndiyo kwa mawili au zaidi anapaswa kuangaliwa na daktari. Ongezeeni unene, shingo nene, umri wa miaka hamsini kwenda juu, na kuwa mwanaume. Wanawake nao hatari inawapanda baada ya damu ya mwezi kukoma. Na mwembamba asijidanganye: umbo la taya na koo linaweza kumletea ugonjwa hata kama mwili ni mdogo.

Kuna pia ya kufanya nyumbani bila kungoja mashine. Lala ubavu, usilale chali, kwa sababu ukilala chali ulimi unaanguka nyuma na kuziba. Kama unajigeuza bila kujua, shona mfuko mgongoni mwa shati na utie mpira mdogo wa matambara. Ukigeuka chali utakuchoma na utarudi ubavu. Inua kidogo upande wa kichwa. Acha pombe ya jioni. Acha sigara. Usilale na moshi wa makala ndani: unavimbisha pua na koo, na jiko linalowaka ndani ya nyumba iliyofungwa linaweza kuua familia nzima. Aliye mnene, hata kama kwetu tumbo linahesabiwa kuwa heshima, akipunguza kilo kadhaa pumzi yake itapata njia. Mambo haya hayamponyi kila mtu, na mgonjwa mkali bado anahitaji daktari. Lakini yanasaidia, na mengi hayagharimu hata faranga moja.

Kwa wakubwa wa afya na mashirika yanayohudumia kambi, ombi langu ni dogo. Maswali yale manne yaandikwe kwenye karatasi ya kila mgonjwa wa tansio, na ya kila mtu anayelalamika kukosa usingizi, kabla hajapewa diazepamu. Washauri wa mambo ya moyo wanaozunguka kambini wafundishwe kuuliza habari za pumzi pamoja na habari za ndoto. Mnaogawa nafasi, kumbukeni kwamba familia iliyobanana haiwezi kuchagua hata ubavu wa kulalia. Wenye famasi waache kuuza dawa za usingizi bila karatasi ya daktari. Na mgonjwa anayekwenda kupasuliwa, kwa jambo lolote, amwambie mapema anayempa nusukaputi kwamba pumzi yake inakatika usiku, maana dawa hizo nazo zinalegeza koo.

Kwa ninyi mlio nyumbani, usiku wa leo sikilizeni. Baba akikoroma, kisha akanyamaza, kisha akavuta pumzi kwa kishindo, msicheke na msiogope. Mgeuzeni ubavu. Hesabuni ni mara ngapi inatokea kwa saa moja, mwandike hata kwenye daftari la mtoto wa shule. Asubuhi mwambieni kwa upole, kwa sababu hajui, na wengine wanaona haya. Halafu mmoja wenu aende naye kituo cha afya aseme kwa mdomo wake kile alichosikia. Mgonjwa akienda peke yake atasema tu "nachoka", na ataambiwa tena kwamba ni mawazo.